Guangzhou: Jinsi ya Kuchagua Mtaa wa Kulala Kabla Hujalipia Hoteli

Wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo kwa mara ya kwanza hurudia kosa lile lile. Wanafungua programu ya hoteli, wanapanga bei kuanzia ya chini, wanachukua ya kwanza yenye picha safi. Wakifika wanakuta soko liko kilomita zaidi ya 20, asubuhi inaishia njiani, na jioni wanarudi kwa teksi wakiwa na mabegi ya sampuli magotini.

Jiji hili halina katikati moja. Kila bidhaa ina mtaa wake, na mitaa hiyo imeachana. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinashikilia jambo moja: lala karibu na soko utakalolirudia mara nyingi zaidi. Uwanja wa ndege utauona mara mbili tu, na minara ya kupigia picha unaweza kuifuata jioni moja.

Mwongozo huu ni wa mtu wa siku 5 hadi 12. Anayekwenda kutembea tu, asiye na biashara, aende moja kwa moja hatua ya 3, sehemu ya Beijing Lu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya bidhaa kwa majina mahususi. "Nguo" haitoshi. Andika "magauni ya kike ya bei ya chini", "jinzi", "vitambaa vya pazia". Kila kimoja kina soko lake.
- Programu ya ramani ya Kichina, yaani Amap, ambayo wenyeji huiita Gaode. Google Maps haifunguki Uchina bila VPN. Hata ikifunguka, alama zake mara nyingi huwa zimehama mamia ya mita kutoka mahali halisi.
- Programu ya malipo kwa simu, Alipay au WeChat, iliyounganishwa na kadi yako ya Visa au Mastercard na kuthibitishwa kwa pasipoti ukiwa bado nyumbani, kwa sababu namba ya uthibitisho huja kwenye laini yako ya nyumbani. Kwa kadi ya kigeni, malipo ya chini ya yuan 200 hayana ada. Yakizidi hapo hukatwa asilimia 3.
- Fedha taslimu yuan 500 hadi 1,000 kwa ajili ya amana ya chumba na dharura. Simu ikizima saa sita usiku, Alipay haina msaada.
- Adapta ya plagi. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu, lakini pini tatu za mstatili za Kenya na Tanzania haziingii kwenye soketi zao.
- Anwani kwa herufi za Kichina, zikiwa picha kwenye simu na pia kwenye karatasi.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Mfano mmoja unatosha: metro ya Guangzhou ina stesheni mbili zinazoandikwa Xiaogang kwa herufi za Kilatini. Moja (萧岗) iko Mstari wa 2 kaskazini, nyingine (晓港) iko Mstari wa 8 kusini mwa mto. Kwa Kichina ni majina mawili tofauti kabisa. Dereva akisoma herufi zake hakosei. Akisikia matamshi yako, ni bahati nasibu.

## Hatua ya 1: Weka kila bidhaa kwenye mtaa wake

Chukua orodha yako na uandike mbele ya kila bidhaa eneo na stesheni ya metro iliyo karibu.

- Mikoba, mabegi, mikanda: Guihuagang, kati ya stesheni ya Sanyuanli na Guangzhou Huochezhan, yaani stesheni kuu ya zamani ya treni (Mstari wa 2).
- Vipodozi na vifaa vya saluni: Guangyuan Xi Lu, upande wa Sanyuanli.
- Nguo, viatu, saa: Zhan Xi Lu na jengo la Baima, pembeni mwa stesheni kuu ya zamani ya treni (Mstari wa 2 na wa 5).
- Nguo za bei ya chini kwa jumla: Shahe, na Shisanhang upande wa mji mkongwe.
- Vinyago vya watoto, vifaa vya shule, mapambo ya sherehe: Yide Lu na jengo la Wanling, stesheni ya Haizhu Guangchang (Mstari wa 2 na wa 6).
- Vitambaa, zipu, vifungo: Zhongda, kusini mwa mto (Mstari wa 8).
- Mapambo na vifaa vya ndani ya gari: Yongfu Lu, mashariki ya mtaa wa Xiaobei (tazama hatua ya 3).

Kisha hesabu siku. Bidhaa itakayokula siku 4 ndiyo inayochagua mtaa. Ya siku moja ifuate kwa metro.

Onyo la kwanza. Samani na vigae viko Foshan, na taa ziko Guzhen katika mji wa Zhongshan. Hiyo ni miji mingine. Kama taa ndiyo safari yako, lala Guzhen usiku mmoja au miwili badala ya kwenda na kurudi kila siku. Na Yiwu, mji mwingine wa masoko ya jumla, hauko hata kwenye jimbo hili: iko Zhejiang, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Onyo la pili. Shahe na Shisanhang huamka kabla ya mapambazuko, na kufikia mchana wauzaji wengi wanafunga. Metro huanza karibu saa kumi na mbili asubuhi. Aliyelala mbali atafika wakati bidhaa nzuri zimeshabebwa. Kama soko lako kuu ni Shahe, tafuta chumba ambacho teksi ya alfajiri itakufikisha kwa dakika 15. Vilevile, baadhi ya masoko ya jumla ya jiji hili yamekuwa yakihamishwa kidogo kidogo kwenda nje, Zhongda ikiwemo, kwa hiyo mtumie muuzaji wako ujumbe aseme duka lake liko wapi leo.

*Umefaulu kama:* una karatasi yenye majina matatu au manne ya stesheni, na moja limejirudia kuliko mengine.

## Hatua ya 2: Tazama kalenda kabla ya bei

Maonesho ya Canton, maonesho makubwa ya biashara ya jiji hili, hufanyika mara mbili kwa mwaka huko Pazhou, kila msimu kwa awamu tatu: 15–19 Aprili, 23–27 Aprili na 1–5 Mei, halafu 15–19 Oktoba, 23–27 Oktoba na 31 Oktoba–4 Novemba. Katika siku hizo vyumba vya Pazhou na vya jirani zake hupanda kiasi cha kutisha, mara mbili au zaidi, na mtikisiko huo hufika mpaka Xiaobei.

Kama huendi kwenye maonesho, sogeza safari ukae nje ya tarehe hizo. Kama unaenda, lipia mapema, au lala mbali kidogo kwenye Mstari wa 8, unaopita Pazhou.

Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, na zaidi epuka Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Viwanda huanza kufunga wiki mbili au zaidi kabla, na wafanyakazi hawarudi siku moja. Hoteli utaipata kwa bei nzuri sana, na hutakuwa na mtu wa kununua kwake.

## Hatua ya 3: Chagua mtaa mmoja

Hapa ndipo pa kutumia muda. Usichague miwili ili "kujaribu". Kila kuhama ni nusu siku.

### Xiaobei (小北)

Mstari wa 5, kituo kimoja kutoka stesheni kuu ya zamani. Huu ndio mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiafrika na Kiarabu wameuzoea miaka mingi. Mawakala wa kago wapo, wabadilisha fedha wapo, na mtu wa kukuelekeza kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili hakosekani. Jengo la Tianxiu na kichochoro cha Baohan Zhijie ndizo alama zake.

Kwa chakula hakuna mtaa unaouzidi. Migahawa ya halali ni mingi; tafuta maandishi 清真 mlangoni. Msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China yanasema ni la Sa'd bin Abi Waqqas, hauko mbali, na Ijumaa hufurika.

Udhaifu wake: kelele, vyumba vya zamani, na bei ya wageni. Bidhaa zinazouzwa hapo hapo zimeshapitia mkono wa mtu wa kati. Xiaobei ni mahali pa kula na kulala. Kununua kafanye kwingine. Pia polisi hukagua pasipoti mara kwa mara. Sheria inamtaka mgeni mwenye miaka 16 na kuendelea atembee na pasipoti yake, kwa hiyo usiifungie hotelini ukabaki na nakala.

*Mfaa zaidi:* anayekwenda mara ya kwanza, anayehitaji halali, mwenye bidhaa za aina nyingi.

### Sanyuanli (三元里)

Mstari wa 2, kituo kimoja kaskazini ya stesheni kuu ya zamani. Kama ni mikoba, vipodozi, viatu au saa, hapa unatoka kwa miguu na unarudi mchana kuweka mzigo chumbani. Faida hiyo ya kurudi mchana haionekani kwenye programu yoyote, nayo ni kubwa kuliko kifungua kinywa cha bure. Mstari wa 2 unakupeleka Haizhu Guangchang kwa vituo 5 bila kubadilisha, na Zhongda ukibadilisha mara moja Changgang.

Tatizo ni kijiji cha zamani kilichomezwa na jiji. Nyumba zimebanana, vichochoro havipitishi gari, na baadhi ya hoteli za bei ya chini zimo humo ndani. Picha ya chumba haitakuonesha hilo. Chagua iliyo kando ya barabara kubwa, la sivyo utaburuta mabegi ya kilo 23 gizani ukitafuta mlango.

*Mfaa zaidi:* anayejua anachokitaka na aliyewahi kuja.

### Haizhu Guangchang (海珠广场) na Beijing Lu

Mji mkongwe, karibu na mto. Kwa vinyago, mapambo na vifaa vya shule, ni hapa. Kwa familia au mtalii pia ni hapa: barabara ya Beijing Lu imefungwa magari, chakula kipo mpaka usiku, na stesheni ya Gongyuanqian inaunganisha Mstari wa 1 na wa 2. Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa Uchina, uko karibu na Ximenkou, kituo kimoja tu kutoka Gongyuanqian.

Mawakala wa kago ni wachache, na wenye hoteli hawajazoea mgeni anayejaza korido kwa maboksi.

### Zhongda na Kecun

Kwa vitambaa tu. Ukilala Kecun uko kwenye makutano ya Mstari wa 3 na wa 8. Zhongda ni vituo 2 upande mmoja, na Pazhou si mbali upande wa pili. Ndiyo maana wakati wa maonesho wajanja huishia Kecun au Changgang.

### Tianhe na Zhujiang Xincheng

Majengo mapya, hoteli nzuri, hewa ya kiofisi. Anayekutana na kampuni na kusaini mikataba atapapenda. Mnunuzi wa jumla atalipa yuan 500 na kuendelea kwa usiku, huku soko lake liko kwingine, na atakutana na stesheni ya Tiyu Xilu saa za kazi, ambako kupenya na begi ni vita.

### Mitego miwili

"Karibu na stesheni ya treni." Ipi? Guangzhou ina kadhaa. Ya zamani, iliyo jirani na masoko, ni 广州站. Stesheni ya Kusini, 广州南站, iko Panyu, zaidi ya kilomita 15 kutoka mji mkongwe, na imezungukwa na hoteli za bei ya kuvutia. Zipo pia ya Mashariki (广州东站) na Baiyun (广州白云站). Herufi moja ya katikati inakubadilishia safari nzima.

"Karibu na uwanja wa ndege." Hiyo ni wilaya ya Huadu au kaskazini ya wilaya ya Baiyun. Inafaa usiku wa mwisho kama ndege ni ya alfajiri, basi.

Fanya hesabu: chumba cha yuan 180 kule Kusini dhidi ya yuan 280 Sanyuanli. Umeokoa 100. Teksi ya kurudi na mizigo, kuanzia yuan 12 kwa kilomita 3 za kwanza, itafika 60 hadi 80. Ongeza saa mbili za kwenda na kurudi kila siku. Rahisi imekuwa ghali kabla ya siku ya pili.

## Hatua ya 4: Pima kwa miguu

Fungua Amap, weka hoteli kwa jina la Kichina, kisha omba njia ya miguu mpaka lango la metro lenye herufi, A au B au C. Ukipima mpaka jina la stesheni tu umejidanganya.

Sababu: barabara kama Huanshi Lu ni pana, zina madaraja ya magari juu yake, na hazivukwi ila kwa daraja la waenda kwa miguu. Mita 200 za mstari mnyoofu zinaweza kuwa mita 700 za ngazi.

Kipimo kizuri ni dakika 8 au chini. Dakika 10 hadi 12 inavumilika kama huna mizigo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba, mvua za mafuriko ya ghafla zitaifanya 15 ionekane 40.

## Hatua ya 5: Hoji hoteli kabla ya kulipa

Mwaka 2024 mamlaka za Uchina zilisema hoteli zisiwakatae wageni kwa kisingizio cha kukosa kibali. Mapokezi ya baadhi ya hoteli ndogo bado hukataa, mara nyingi kwa sababu mhudumu hajui kusajili pasipoti kwenye mfumo wa polisi. Kugundua hilo usiku wa manane ni adhabu.

Tuma ujumbe huu kupitia programu uliyotumia kutafuta:

你好，我持坦桑尼亚护照，可以入住吗？房间有窗户吗？有电梯吗？

Maana yake: nina pasipoti ya Tanzania, naweza kulala hapo? Chumba kina dirisha? Kuna lifti? Kwa Kenya weka 肯尼亚 badala ya 坦桑尼亚.

Swali la dirisha si anasa. Vyumba visivyo na dirisha ni vingi, vinauzwa halali, na picha huvificha kwa pazia lililofunika ukuta. Kati ya Februari na Aprili jiji hupitia majira ya unyevu ambapo kuta zenyewe hutoa jasho. Chumba kisicho na hewa hunuka na sampuli za ngozi hushika ukungu. Omba ghorofa ya juu.

Uliza pia amana ni kiasi gani. Yuan 100 hadi 300 ni kawaida. Shika risiti yake, maana bila hiyo kurudishiwa ni mabishano.

*Umefaulu kama:* jibu la maandishi limesema 可以, yaani "inawezekana". Kimya au emoji si jibu.

## Hatua ya 6: Lipia usiku mbili

Hata ukiwa safari ya siku 10, lipia mbili za kwanza, na ziwe za kughairika bila faini. Nje ya msimu wa maonesho vyumba havikosi. Ukiwa umeridhika, ongeza ukiwa pale pale na ulinganishe bei ya mapokezi na ya programu. Hazifanani, na ya programu mara nyingi ndiyo ya chini.

Msimu wa maonesho geuza kanuni hii: lipia zote.

## Hatua ya 7: Fika kwa njia iliyopangwa

Kutoka uwanja wa Baiyun, Mstari wa 3 unaanzia chini ya uwanja wenyewe. Shuka Jiahewanggang, badilisha kwenda Mstari wa 2, teremka Sanyuanli. Kwa Xiaobei endelea kituo kimoja mpaka Guangzhou Huochezhan, kisha Mstari wa 5 kituo kimoja. Nauli haifiki yuan 10.

Ndege ikitua baada ya saa nne usiku, usitegemee metro. Fuata foleni rasmi ya teksi yenye mita, au ita Didi, teksi ya mtandaoni, ndani ya Alipay. Wanaokuita "taxi, my friend" mlango wa kutokea wapite tu.

Wanaofikia kwa ndugu au rafiki wasome hapa mara mbili. Hoteli hukusajili polisi yenyewe. Ukilala kwenye nyumba ya mtu, wewe na mwenyeji wako mnatakiwa mjisajili ndani ya saa 24 kituo cha polisi cha mtaa, na pasipoti na mkataba wake wa pango. Kuchelewa ni onyo au faini inayoweza kufika yuan 2,000, na rekodi hiyo hukufuata ukiomba kuongezewa viza. Kama rafiki anasita kwenda nawe kituoni, ana sababu zake, chukua hoteli.

## Hatua ya 8: Jaribu asubuhi ya kwanza

Toka saa ile ile utakayotoka kila siku, ukapime: dakika ngapi mpaka mlango wa soko? Chini ya 30, umepata. Kati ya 30 na 45, baki kama chakula na usingizi viko sawa. Zaidi ya 45, hama usiku wa pili ukiisha.

Pima pia mzigo. Kwenye metro kila begi hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na magunia makubwa hurudishwa langoni. Sampuli za mkononi sawa. Mzigo wenyewe muuzaji aupeleke kwenye ghala la wakala wako wa kago. Mpe muuzaji anwani ya ghala kwa Kichina pamoja na alama yako ya mzigo, na usimpe ya hoteli, kwa sababu hoteli nyingi hazipokei maboksi ya jumla. Maghala mengi yako wilaya ya Baiyun, kaskazini. Wakala akiwa na ofisi Xiaobei au Sanyuanli nawe unalala hapo, malipo na risiti unamaliza jioni kwa miguu.

Ukihama hoteli, pasipoti husajiliwa upya huko uendako. Omba amana yako kwanza, subiri chumba kikaguliwe, ndipo uite teksi.